Safu ya Tatu

4 Januari

Kwako binti yangu Chiriku,

Salamu nyingi. Marahaba ya shikamoo uliyonipa jana hewani, maana niliachia kitufe kabla sijaitikia, nawe ukaondoka. Mimi sijambo. Shangazi yako hajambo, ila mguu ni ule ule, sasa hata ngazi mbili za mlangoni anazishuka kwa kukaa. Wasiwasi wetu ni wewe uliye peke yako ghorofa ya tisa, na kazi yako ya kuchemsha visu na mikasi ya upasuaji. Unakula?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu unaijua sheria yangu: ya hewani ni ya wote, ya nyumbani ni ya barua. Sisi wa redio ya ridhaa tukishabonyeza kitufe hatuna siri, dunia nzima ina masikio.

Kwanza furaha. Jana tumetimiza mara hamsini. Nimehesabu kwenye daftari. Safu ya kwanza ni saa, ya pili ni "amenisikia", ya tatu ni "nimemsikia". Moja ikibaki wazi, mawasiliano hayahesabiki. Zetu zimejaa zote, mara hamsini! Kutoka waya wangu wa shaba kwenye mlingoti nyuma ya jiko hadi waya wako wa barazani huko ng'ambo, katikati hakuna kampuni wala mtambo wa mtu, ni anga tu. Fundi Saa, pale kilimani hatua mia tatu kutoka kwangu, anajidai na kile kisanduku chake kilichounganishwa na mtandao. Eti anaongea na kila nchi. Nikamwambia hiyo si redio, hiyo ni simu iliyovaa koti la redio. Alicheka mpaka akaangusha kioo cha saa ya mtu.

La pili si la kuchekesha. Jumamosi nilipanda bwawani. Maji yanayovuja chini ya ukuta yana tope. Maji safi si neno sana, lakini tope maana yake ukuta unaliwa kwa ndani. Mlinzi anasema ameshaandika ripoti. Nyumba kumi na sita ziko chini ya ukuta ule, na yetu ni ya tatu kutoka mtoni. Unaukumbuka mwaka ule wa mafuriko. Mnara wa simu wa ukingoni ndio ulioanguka wa kwanza, na mama yako tulimkuta na simu mkononi. Ndiyo maana nilijifunza redio nikiwa na mvi.

Majirani wamenipa kazi moja: maji yakija, nikiite kituo cha uokoaji, kilomita arobaini kutoka hapa. Zamani nilikuwa nawapima kwa kuwaita hewani kila Jumapili. Siku hizi nimeacha. Kama nakufikia wewe ng'ambo ya bahari, wao watanikosaje?

Kaa salama, mama.

Baba yako


19 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie na shikamoo ya Shangazi, mwambie nimemnunulia soksi nzito, zinakuja. Mimi ni mzima. Ninakula, mayai na mkate, usicheke.

Barua yako nimeisomea kazini, chumba cha mvuke, mpaka wino umeanza kuchuruzika. Neno la tope limenikaa kifuani. Nikisikia birika linachemka nawaza ukuta ule.

Baba, nakuomba mambo mawili, na usinikasirikie. Kagua kebo inayoshuka kutoka kwenye mlingoti. Ina miaka saba inapigwa na jua na mvua. Halafu Jumapili hii waite kituo cha uokoaji kama zamani. Wasipojibu, usiwalaumu wao kwanza.

Na kisanduku cha Fundi Saa usikiseme vibaya sana. Sauti inatoka kwenye redio, inafika kwenye redio, ni pale katikati tu ndipo pana mtandao. Kama mtu amemsikia mtu wake, kweli hilo halihesabiki?

Nakuombea usiku na mchana.

Mwanao, Chiriku


1 Februari

Binti yangu,

Marahaba, na Shangazi kapokea yake. Tu wazima kiasi. Hofu ni mvua, imeanza mapema.

Samaki hafundishwi kuogelea. Miaka thelathini nimefunga waya za simu, leo unaniuliza habari za kebo? Kebo yangu ni nzima. Ushahidi ni wewe mwenyewe: kila asubuhi saa kumi na mbili unanipa tano kwa tano, yaani sauti yangu inakufikia kwa nguvu zote. Ungekuwa unanidanganya, hapo sawa, ningepanda mlingoti.

Na hiyo "katikati tu" yako imenishangaza. Daraja lenye nguzo huku na nguzo kule, katikati hamna kitu, utalivuka? Mtandao ni wa mtu, na cha mtu mavi. Akitaka anazima, mnara ukianguka unazimika wenyewe. Redio ya kweli ni waya wako, betri yako na anga la Mungu. Mama yako hakufa kwa kukosa simu. Alikuwa nayo.

Lakini kuna jambo nataka unieleze. Sauti inayotoka mbali hupumua, inapanda na kushuka. Yako haipumui. Juzi jua lilichafuka, na likichafuka mawimbi ya mbali hayapiti. Anga lote kimya, hata vituo vikubwa sikuvipata. Wewe ukaja safi kama uko nyumba ya pili. Nilifurahi, halafu nikakaa na chai yangu mpaka ikapoa. Waya wako una mita ngapi? Unaelekea wapi?

Tope limezidi. Shangazi yako sasa analala na viatu.

Baba yako


12 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo siyo.

Sina waya. Ule wa barazani niliufunga siku moja, msimamizi wa jengo akaukata siku ya pili, akasema unachafua sura ya nyumba. Wewe ulikuwa umeshaniita siku nne bila jibu. Fundi Saa akaniandikia kwamba huli, unakaa mbele ya redio mpaka jua linapanda. Nikamwomba yeye. Mimi ndiye niliyemwomba, usimlaumu.

Ni hivi. Redio yake inakudaka pale kilimani, kisanduku kinaipitisha sauti yako kwenye mtandao, naisikia kwenye simu nikiwa kitandani. Nikijibu, sauti yangu inatokea kwenye antena yake, hatua mia tatu kutoka kwako. Ndiyo maana haipumui. Baba, sijakusikia kwa anga hata siku moja.

Nilidhani ni uongo mdogo, wa kumfanya baba ale. Lakini ulipoandika kwamba umeacha kuwapima watu wa uokoaji kwa sababu unanifikia mimi, niliangusha trei nzima ya mikasi. Na wiki iliyopita Fundi Saa kaniambia hata yeye, jirani, anakusikia kwa shida, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Tano kwa tano nilizokupa ni za uongo. Kebo yako imekufa, Baba. Nyumba kumi na sita zinakutegemea, na huenda hakuna anayekusikia zaidi ya fundi wa saa.

Mara tatu nilitaka kukwambia hewani. Bonde zima linasikiliza, nikaishia kukupa tano kwa tano nyingine. Fundi Saa amekataa kusema, anasema aliyekoroga ndiye anywe. Barua hii itachukua siku kumi na zaidi, na siwezi kusubiri siku kumi. Kwa hiyo kuanzia kesho nitanyamaza. Nakujua: kituo kikinyamaza, cha kwanza unakagua waya wako. Nimemwomba Fundi Saa akuambie tu kwamba mimi ni mzima.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini panda mlingoti.

Chiriku


1 Machi

Chiriku,

Marahaba. Sisi wazima.

Uliponyamaza nilipanda, kama ulivyopanga. Nilikuwa nadhani umekufa, na Fundi Saa ananiambia "mzima, mzima" huku hanitazami usoni. Nilikata kebo pale kwenye kiungo, maji yakamwagika kikombe kizima. Shaba ndani ni ya kijani. Nikabadilisha. Siku ya kumi na moja ya ukimya wako barua yako ikafika, nikajua nilikuwa nabadilisha nini.

Nimechukua kalamu nyekundu nikakata mistari tisini. Ilinichukua adhuhuri nzima. Shangazi yako alisema niache hata mmoja. Sikuacha.

Sikuandikii kukukaripia. Nakuandikia kwa sababu naogopa na sina mwingine wa kumwambia. Kwa kebo mpya nilikiita kituo cha uokoaji, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kimya. Nikapanda lori la mchanga nikaenda mwenyewe. Antena zao zimeshushwa, zimelala nyuma ya choo, kuku wanatagia humo. Ndani kuna meza na kioo cha kompyuta. Afisa mmoja mpole sana akaniambia, "Mzee, siku hizi redio iko humu ndani. Taarifa zote za bondeni zinatufikia kwa mtandao." Nikamuuliza mtandao wa bondeni unapita wapi. Akaangalia. Unapita kwenye mnara wa ukingoni, ule ule.

Nikamwambia, ukianguka? Akasema, "Hauanguki." Nikamwambia uliwahi kuanguka, nami nilizika mtu. Akavua kofia. Ameahidi kurudisha antena moja wiki ijayo.

Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyekuwa naongea na ukuta. Wao nao wamejengewa ukuta, na hawajui.

Redio, betri ya gari na waya nimevihamishia juu ya ghala la nafaka, ndilo paa la zege peke yake hapa bondeni. Nitaita kila asubuhi saa kumi na mbili mpaka mtu anijibu. Wewe usiniite kwa kisanduku. Nikikusikia kwa kisanduku nitazima.

Baba


14 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, hata usipoitika. Hamjambo? Shangazi je? Soksi zimefika?

Sitakuita kwa kisanduku. Nimefanya jambo jingine. Fundi wa mabomba wa hospitali, mzee mmoja mnene anayependa kulalamika, ameniruhusu kupanda paani. Nimefunga waya wa mita ishirini kutoka tangi la maji hadi bomba la moshi. Nimeufunga kama ulivyonifundisha, na fundo lako la kuzuia upepo. Redio nimeazima kwa kijana wa maabara ya picha, amenionyesha mara mbili kwamba inafanya kazi.

Kila siku saa yako kumi na mbili niko juu. Nasikia mchirizo tu, kama mafuta kwenye kikaango. Nakuita, nasubiri, nakuita. Baridi inanikata vidole. Jana nilidhani nimekusikia, kumbe ni feni ya jengo.

Sasa nimeelewa ulivyokaa siku zile nne. Niandikie hata mstari mmoja. Mvua zenu zinatangazwa hadi huku, na kila zikitangazwa natazama nyuma yangu kama mtu aliyeitwa.

Mwanao


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Shikamoo. Sijui naandika kwa nani. Bahasha nimeandika jina lako lile lile, nyumba ya tatu kutoka mtoni, nikaona mkono unaandika anwani ya mahali ambapo huenda hapapo. Kama anayesoma si Baba, tafadhali msomee. Kama hayupo wa kusomewa, naomba usinijibu haraka.

Tangu tarehe 29 kisanduku cha Fundi Saa kimekatika. Simu ya Shangazi haipatikani. Kituo cha uokoaji nilikipigia, wakasema bondeni kuko shwari, hakuna taarifa mbaya kwenye mfumo. Hakuna taarifa yoyote, Baba, na wao wakaita shwari.

Tarehe 31 nilipanda paani kama kawaida. Saa kumi na mbili yako, hakuna kitu. Sikushuka. Zamu yangu ilishaanza, msimamizi wangu wa kazi ananipigia simu, sikushuka. Saa mbili kasoro ukaja. Sauti ilikuwa nyembamba, inapanda, inashuka. Ilikuwa inapumua. Nikajua kabla ya neno la kwanza kwamba sasa ni anga.

Hukuniita mimi. Ulijitaja kwa jina lako la hewani, ukawa unasema: "Kituo cha uokoaji, kituo cha uokoaji, huyu ni Mnara. Ukuta wa bwawa umeachia upande wa kushoto. Tuko juu ya paa la ghala, watu arobaini na mmoja, kuna asiyeweza kutembea. Maji yamefika madirishani. Yeyote anayenisikia. Yeyote. Ova."

Nikabonyeza, nikapiga kelele, "Baba, nakusikia! Nakusikia!" Ukarudia maneno yale yale kutoka mwanzo. Nikajibu tena. Ukarudia. Mara saba nilikujibu, na mara saba ulimwita yeyote.

Nikawapigia simu. Dada aliyepokea akasema, "Hapa kwenye mfumo sina kitu." Nikamwambia mfumo wenu wa bondeni uko chini ya maji. Akaniuliza niko wapi. Nilipomtajia nchi akadhani ni mzaha, akataka kukata. Nilikuwa nalia, maneno hayatoki sawa. Basi nikaisogeza simu kwenye spika ya redio, nikaishikilia hapo kwa mikono miwili. Ukaita wewe mwenyewe. Watu arobaini na mmoja. Asiyeweza kutembea. Nikasikia kiti kinaanguka, na sauti yake akiwa mbali na simu: "Namsikia! Jamani, namsikia mzee!"

Baba, mimi ndiye niliyekuwa kisanduku.

Wakasema boti zinatoka. Nikarudi kwako kukwambia boti zinakuja. Ukasema, "Betri ina—" ikaisha. Nilikaa hapo mpaka fundi wa mabomba alipokuja kunishusha. Tangu hapo wananiambia walipeleka boti, majina hayajaandikwa, nisubiri.

Nimekuandikia kadi ya kuthibitisha kwamba nimekusikia, kama tunavyowaandikia wageni wa hewani. Tarehe 31, saa mbili kasoro. Nguvu: moja kwa tano. Hii siyo ya uongo. Naiweka ndani ya bahasha.

Nikisikia maji ya bomba yanafunguliwa ghorofa ya juu, nasimama. Bado nasimama.

Chiriku wako


19 Aprili

Kwako binti yangu Chiriku,

Marahaba. Marahaba zote ulizonidai tangu Machi.

Mimi sijambo, mkono mmoja umefungwa. Shangazi yako hajambo, na amepata kiburi: Fundi Saa ndiye aliyembeba mgongoni ngazi zote za ghala, sasa kila mgeni lazima asimuliwe, na kila mara ngazi zinaongezeka. Tuko darasa la pili la shule iliyo juu ya barabara, familia nne, tumegawana kwa madawati. Barua yako ya Aprili imenifikia hapa; kama uliandika nyingine Machi, imekwenda na maji. Mpeleka barua alizunguka nayo wiki nzima akiuliza nani ni wa nyumba ya tatu. Nyumba ya tatu haipo. Zote kumi na sita hazipo. Watu wote arobaini na mmoja tupo. Nimewahesabu tena asubuhi hii, ni mazoea tu yamenikaa.

Nitakueleza ilivyokuwa. Tuliita kwa saa mbili. Maji yalikuwa yanapanda kama mtu asiye na haraka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yangekuja kwa kishindo. Watoto waliacha kulia, wakawa wananitazama mdomo. Antena ya "wiki ijayo" ilikuwa bado imelala nyuma ya choo na kuku wake. Nilijua ninaita watu wasio na masikio, lakini ningeacha kuita, wale watoto wangejua. Kwa hiyo nilikuwa naita ili waendelee kunitazama. Nakuambia wewe tu, kwa barua.

Sikukusikia, mwanangu. Mvua ilikuwa inapiga waya, spika ni mngurumo tu. Mara saba unasema? Sikusikia hata moja.

Boti ilipofika, nahodha aliuliza, "Nani Mnara? Binti yako ametupigia simu." Nilimbishia. Nilisimama kwenye maji nikamwambia haiwezekani, binti yangu hana waya. Shangazi yako akaniambia niingie kwanza kwenye boti, nibishane baadaye.

Wimbi hupanda angani, likawaruka walio karibu, likatua mbali. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza ya kusoma redio, na bado nilihesabu kwamba nikikufikia wewe, wa kilomita arobaini hawanikosi. Kosa lile lilikuwa langu, uongo wako ulilivika nguo tu. Fundi Saa ananiuliza kila siku: waya wako ulimfikia binti, simu ya binti ikawafikia wao, sasa mzee, hiyo ni redio au siyo? Namjibu aniache nile. Najua tu kwamba kama usingekuwa na waya ningekufa, na kama usingekuwa na simu ningekufa.

Usiku bado siwezi kulala mvua ikinyesha. Mimi na mkuu wa shule tunapokezana kwenda kutazama mto.

Daftari liko nami, nililifunga kwenye mfuko wa sukari. Mistari tisini imebaki imekatwa, sitaifuta wino wala sitaikata tena. Kadi yako nimeibandika chini yake na nimeandika mstari mpya. Tarehe 31. Safu ya kwanza, saa mbili kasoro. Safu ya pili, amenisikia, moja kwa tano. Safu ya tatu nimeiacha wazi, maana sheria ni sheria, sikukusikia.

Omba likizo. Mlango wa kubisha hatuna kwa sasa. Simama barabarani uniite, nami nitajaza.

Baba yako